Halloween ya Fagia

Mokeira huuza fagia katika soko la Oyugis, na asiyejua fagia ni nini basi ajue leo. Bunda la mitumba likifunguliwa, wenye macho makali hurukia nguo safi, zile zinazoitwa kamera. Wakishatosheka huja wa daraja la pili na kuchakura. Mabaki ya chini kabisa, yaliyokanyagwa na kukataliwa na kila mtu, ndiyo fagia, na hayo ndiyo anayoyanunua Mokeira: suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, makoti ya watu wanaoteleza kwenye theluji, gauni la arusi la bibi harusi mwenye kimo cha mlango, glavu ya mkono wa kushoto iliyompoteza mwenziwe huko ng'ambo. Wauzaji wenzake humcheka. Yeye huwaambia hakuna nguo isiyo na mwenyewe, ila kuna wenyewe ambao bado hawajapita sokoni, kisha hukaa juu ya gunia lake na kuwangoja.

Ni mjane, Mkisii aliyevuka mpaka akaja kufanya biashara kwa Wajaluo na hakurudi tena, Msabato wa kuzaliwa, shemasi kanisani, na mkono wake ni mgumu. Sisemi ni bahili. Bahili ana akiba. Mokeira hana kitu, na hicho asicho nacho hukitumia kwa uangalifu mkubwa. Majani yake ya chai huchemshwa mara mbili, na ya tatu humwagwa kwenye shina la sukuma wiki ili nayo ichangamke. Lakini jambo moja lilijulikana kutoka stendi hadi kichinjioni: Mokeira haombi. Chumvi ikimwishia, mboga huliwa hivyohivyo na yeye husema daktari ndiye aliyeshauri. Mumewe alipofariki, majirani walimletea vyakula vya matanga, na kila sufuria aliirudisha siku ya pili ikiwa na kitu ndani, mpaka watu wakachoka kumfariji.

Mwezi wa nane mwaka jana bintiye wa pekee, Moraa, alipata kazi ya nyumba huko Doha. Moraa alikuwa akiishi Nairobi na mwanawe Marion, msichana wa miaka kumi, naye Marion akaletwa Oyugis kwa bibi yake akiwa na begi la magurudumu ambalo lilikwama kwenye matope ya kwanza. Hakuwa mtoto mtundu. Laiti angekuwa mtundu! Mtundu hugombezwa, na kugombezana ni mazungumzo. Marion alisema "sawa" kwa kila kitu. Alikula, akaosha sahani yake, akaenda kuketi kitandani na begi lake miguuni, kama abiria aliyeambiwa gari linakuja. Nguo zake hazikuwahi kutoka begini kwenda kabatini.

Moraa alikuwa muwazi kwa simu. "Mama, sitamlazimisha. Shule zikifungwa nitamuuliza mwenyewe, ile Jumapili ya kwanza ya Novemba. Akisema hapendi huko, Januari anaenda bodingi Nairobi. Kuna rafiki yangu atakuwa anamwangalia."

"Sawa," Mokeira alisema. Neno lenyewe lilikuwa limemwambukiza.

Na ukweli usemwe: alitaka mtoto abaki. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu hata huko kungekuwa kuomba. Tangu nyumba imwishie watu, alikuwa amezoea kuzungumza na jiko, na jiko halikuwa na mengi ya kujibu. Sasa kulikuwa na mtu wa kumwekea chai kikombe cha pili, na hilo lilimfurahisha kuliko alivyotaka kukubali.

Shule zilifungwa, Marion akawa anashinda sokoni juu ya gunia, kimya, akitazama watu wa Oyugis kama mtu anayetazama mvua. Ndipo siku moja Osoro alipopita. Osoro ni mtu wa boda, anaegesha pikipiki yake mbele ya zahanati, na siku zote huvaa sweta nyeusi yenye mistari myeupe kifuani, aliyouziwa zamani na Mokeira mwenyewe. Marion alimtazama Osoro, akafunika mdomo kwa mkono, kisha mkono ukashindwa na kicheko kikatoka. Mokeira alikuwa hajawahi kukisikia. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha ndani ya tumbo, kama cha marehemu babu yake.

"Shosho, huyo jamaa anajua amevaa nini?"

"Sweta. Nilimuuzia mimi. Ina mistari."

"Sio mistari, shosho, ni mifupa! Mbavu hizo. Ni nguo ya Halloween!"

Na hapo maneno yakamtoka mtoto mengi kuliko yote aliyosema tangu mwezi wa nane. Katika ploti yao ya nyumba za kupanga Nairobi kulikuwa na mama mmoja aliyefanyia kazi Wazungu. Kila mwisho wa Oktoba aliwapanga watoto wote wa ploti, wakavaa kama wachawi na mizimu, wakagonga mlango hadi mlango wakipewa switi, na boga likachongwa macho na meno, mshumaa ukawekwa ndani. Yeye, Marion, mwaka juzi alikuwa mchawi, na askari wa geti alikimbia kabisa. Alieleza kwa mikono na macho. Kisha akakumbuka alipo, mikono ikarudi magotini.

"Lakini huku hakuna," alisema.

"Nani amesema hakuna?" Mokeira aliuliza. Maneno yalimtoka kabla hajayapa ruhusa, na yalipokwisha kutoka hakujua pa kuyarudisha.

Alivuka barabara kwenda kwa Fardowsa, mwenye duka la jumla, mwanamke aliyekuja na mumewe kutoka Garissa na anayejua habari za dunia nzima kwa sababu simu yake haizimwi.

"Hiyo ninaijua, Mama Moraa," Fardowsa alisema. "Watoto wanavaa kama majini, wanagonga milango, wanapewa switi. Ni mchezo tu, walai."

"Anagonga mlango wa mtu?"

"Anagonga."

"Anapewa kitu?"

"Anapewa."

"Basi hiyo sisi tunaita kuombaomba."

"Si kuombaomba. Akinyimwa anakufanyia balaa."

"Hiyo ni wizi sasa!" Mokeira alishika kiuno. "Na ni siku gani?"

Fardowsa alitazama simu. Tarehe thelathini na moja ilikuwa Ijumaa. Mokeira aliketi juu ya kreti ya soda. Msabato huanza kuishika siku yake Ijumaa jua linapotua, nyumba ikiwa imefagiwa na chakula kimeshapikwa, na mizimu yote ya Wazungu, kwa maelezo ya Marion, ilitembea usiku.

Fardowsa alicheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi. "Pole, mama. Lakini mhurumie shetani pia. Mimi nina Ijumaa, wewe una Jumamosi, jirani yako Awino ana Jumapili. Amebakiwa na siku nne tu za kufanya kazi!"

Mokeira hakucheka, lakini alinunua pakiti moja ya switi za karatasi nyekundu, zile za bei ya chini, na kabla hajatoka alikuwa ameshaamua kwamba mizimu ya Oyugis itatembea mchana.

Nguo hazikumsumbua. Gunia la fagia lilikuwa limengojea siku hiyo miaka mingi. Chini kabisa kulikuwa na joho la kuhitimu la chuo kikuu fulani cha Marekani, jeusi, lenye mikono mipana, ambalo Oyugis nzima ilikuwa imelikataa. Alilipunguza kwa sindano usiku mmoja. Kofia ya mchawi ilitoka kwenye boksi la biskuti la Fardowsa, ikapakwa masizi ya sufuria, ingawa ukiikaribia bado uliweza kusoma "Weka mahali pakavu". Boga lilitoka shambani nyuma ya nyumba, na hapo ndipo bibi na mjukuu walipokosana kwa mara ya kwanza, jambo lililompa Mokeira furaha kubwa.

"Boga halichongwi macho likiwa na nyama ndani," alisema. "Hicho ni chakula. Utamchongaje chakula macho? Akuone ukimla?"

"Shosho, nyama inatolewa inatupwa!"

"Inatupwa wapi? Onyesha mahali, niende na sufuria."

Walikubaliana. Nyama ilitolewa yote kwa kijiko na kuchemshwa, mbegu zikaanikwa kwenye ungo, na ganda likabaki jepesi. Marion alichora sura kwa mkaa, Mokeira akakata kwa kisu cha jikoni. Macho yalitoka madogo na yenye kushuku, mashavu yakaingia ndani, na mbele yakabaki meno mawili yenye mwanya katikati. Walirudi nyuma kulitazama.

"Shosho," Marion alisema polepole, "si huyu ni Mzee Machuki?"

Alikuwa ni yeye. Mzee Machuki, mzee wa kanisa, mtu mkali wa maadili, aliyewahi kumwondoa mwanakwaya mmoja kwa sababu ya viatu. Mokeira alishtuka, akapanua pua ili kumharibu, na boga likazidi kuwa Machuki. Kibaya zaidi, wiki hiyo Machuki ndiye aliyepangiwa kuja kufungua Sabato nyumbani kwa Mokeira. Marion alicheka akaanguka kwenye maganda. Mokeira, badala ya kulitupa boga, aliliweka dirishani na mshumaa ndani, akasema moyoni kwamba ushemasi utapatikana tena, lakini kicheko hicho huenda kisipatikane.

Ilibaki milango. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na Alhamisi Mokeira aliinama. Alizigawa switi katika mafungu matatu, akayafunga kwa vitambaa vya fagia, akatoka Marion akiwa ameenda kuteka maji. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Awino, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, muuza samaki. Mokeira alisimama uani akikohoa kikohozi kisichokuwa na ugonjwa.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii, una nini?" Awino aliuliza huku akiparua ngege magamba.

"Awino," Mokeira alisema, "naomba."

Kisu kilimponyoka Awino. Kwa miaka yote ya ujirani wao hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani humo, na alidhani kuna msiba. Mokeira alieleza kwa haraka, akitazama kuku: kesho mjukuu wake atagonga mlango akiwa amevaa vibaya, apewe switi hizi, na asiambiwe zimetoka kwa nani. Kwa Osoro alieleza vilevile, kwa Fardowsa vilevile, na aliporudi nyumbani alijitupa kitini kama aliyetua bunda kutoka mgongoni.

Ijumaa walitoka jua likiwa bado kali. Jua la Oyugis halisaidii mambo ya kutisha. Lilionyesha kila uzi wa joho, na masizi ya kofia yakaanza kumtiririka mchawi kwenye paji la uso. Mokeira alifuata nyuma kidogo na kikapu, kama asiyehusika. Mtu wa kwanza waliyekutana naye, mzee mmoja wa ng'ombe, alisimamisha ng'ombe wake na kumpa Marion mkono.

"Hongera sana, mwanangu! Digrii ya nini?"

Wa pili naye aliwapongeza. Mama mmoja muuza nyanya aliuliza kama sherehe iko nyumbani au kanisani, maana hakupata kadi. Marion alimgeukia bibi yake, mdomo wazi.

"Shosho, hakuna anayeogopa!"

"Ngoja wasikie karo yako," Mokeira alisema. "Wataogopa."

Kwa Awino Marion aligonga, akapaza sauti: "Switi au balaa!"

"Balaa gani?" Awino alitoka akijifuta mikono. "Ingia ndani, nyathina, mwanangu."

Marion alieleza kwamba haingii, kwamba kazi yote hufanyika mlangoni. Awino alimtazama kama aliyetukanwa. Mlangoni, alisema, hulishwa kuku. Mtoto wa jirani aje kwake kwa mara ya kwanza, apewe kitu amesimama? Watu watasemaje? Basi mchawi akaingizwa, akanawishwa mikono, akawekewa ugali na ngege wa mchuzi, na wakati akila aliulizwa maswali yote ambayo mgeni huulizwa katika nyumba ya Mjaluo: mama yuko wapi, baba ni wa wapi, nyanya mzaa baba bado yuko hai? Wajukuu wawili wa Awino walisimama mbele yake wakilitazama joho, na baada ya muda wakaenda chumbani wakarudi wamejifunika neti za mbu za rangi ya samawati.

"Sasa hawa ni nini?" Awino aliuliza.

"Mizimu," Mokeira alisema kutoka mlangoni.

"Jajuok tunamjua, anakimbia usiku watu wakilala. Huyu wa saa kumi jioni, anayepiga hodi na kula ugali, ameandikwa kazi na nani?" Kisha Awino alijipiga paji la uso. "Uwi! Nimesahau switi! Mtoto, chukua. Nyar Kisii alizileta jana, akaniomba nikupe, akaniomba nisikuambie."

Mokeira aliutazama mchuzi uliobaki kwenye sahani. Alitamani kuzama ndani yake.

Walipotoka, mizimu miwili ikitangulia, Marion alimgeukia bibi yake.

"Ulienda kwa wote, shosho?"

"Nilipita tu."

"Ukagonga?"

"Niligonga."

"Na ukawaomba?"

Mokeira alitengeneza kikapu kwenye kiwiko ingawa kilikuwa kimekaa vizuri. "Niliomba," alisema.

Marion alisogea akatembea ubavuni mwa bibi yake, na joho lilikuwa pana hata likamfunika Mokeira nusu.

Fardowsa alikuwa amejiandaa. Switi zilikuwa mezani, lakini kando yake kulikuwa na anjera, chapati laini za Kisomali, na chai ya maziwa yenye hiliki, na mizimu ya neti ikaketi kwenye zulia bila kuambiwa mara mbili. Kisha Fardowsa aliishika mikono ya Marion na kuigeuzageuza.

"Mchawi gani huyu ana mikono mitupu? Leta hapa."

Alimpaka hina, maua hadi viwikoni, taratibu kabisa, huku Mokeira akitazama jua kupitia mlango. Hina haina haraka. Ikipakwa hukauka kwa wakati wake, na mwenye kupakwa hashiki kitu wala hakunji mikono. Basi Marion alitoka pale akiwa ameinyoosha mikono yake mbele, vidole vimetandazwa, akitembea kwa hatua fupi ili asijiguse, na masizi yamemshuka hadi kidevuni. Muuza nyanya yule yule, aliyekuwa akifunga biashara, aliinua kichwa, akaona hicho kinachomjia, na kuacha nyanya zake njiani. Marion alipiga kelele za furaha. Mokeira alimwomba muuza nyanya msamaha na kumwokotea nyanya zake, huku mabega yakimcheza kwa kicheko.

Kwa Osoro hakukuwa na switi.

"Mama, nilizila," Osoro alisema, mtu mnyofu. "Nilisikia switi, nikasikia Osoro. Yale mengine sikushika vizuri."

"Na sweta yako ni ya Halloween, uncle," Marion alimwambia. "Hiyo ni mifupa. Wewe ni maiti."

Osoro aliivuta sweta mbele, akainamisha kichwa, akasoma kifua chake mwenyewe ubavu kwa ubavu. Uso ulimbadilika. "Kumbe!" alisema. "Mimi naegesha pale zahanati. Mgonjwa anatoka, ananiona, anasema atatembea. Miaka yote hii nadhani wananikimbia kwa sababu ya bei!"

Mokeira alitaka ardhi impasukie, maana alimuuzia kwa nia njema. Lakini Osoro hakukasirika. Aliposikia kwamba kwa siku hiyo moja yeye peke yake Oyugis nzima ndiye aliyevaa sawasawa, alijaa fahari, akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo aliye hai. Mtoto hawezi kutoka kwake mikono mitupu. Na kwa kuwa mikono ya mtoto ilikuwa bado na hina mbichi, alimbeba jogoo mwenyewe na kufuatana nao.

Ndivyo walivyoingia uani kwa Mokeira: mchawi mwenye mikono mbele, mizimu miwili ya samawati iliyoshiba, maiti mwenye jogoo kwapani, na Mokeira nyuma yao akiliomba jua lisimame kidogo, tena kuomba kulikuwa kumeshamzoea siku hizo mbili. Mzee Machuki alikuwa tayari amefika. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya dirisha, Biblia magotini, na juu ya kichwa chake boga lilikuwa likiwaka. Sura zote mbili zilitazama geti. Meno manne, mianya miwili.

"Mama Moraa," Machuki alisema, "nilikuta mshumaa ndani ya hiki kitu, nikauwasha ili nipate mwanga wa kusoma."

"Mzee, nitakueleza."

"Ngoja." Aliinuka, akaliinamia boga, pua kwa pua. Mokeira alihesabu ushemasi wake kuwa umekwisha. "Hii sura naijua," Machuki alisema hatimaye, na sauti yake ikalainika. "Huyu ni ndugu yangu Ratemo kabisa. Meno yake hivyohivyo. Utotoni nilikuwa nikimcheka sana."

Marion alijifunika uso kwa mkono wa joho.

Kisha Machuki aligeuka na kuuona msafara wote. Aliutazama mmoja mmoja, hadi kwa jogoo. Mokeira alisogea mbele. Alisema huu ni mchezo wa watoto wa kwingine, hauna ibada ndani yake, mtoto aliutamani naye akaona autimize kabla ya jua kutua. Akasema kama kuna kosa ni lake yeye, na mtoto asiulizwe.

"Wamekula?" Machuki aliuliza.

"Wamekula kila mahali, mzee."

"Mimi sijala."

Mokeira alikimbia jikoni. Boga lililochemshwa lilikuwa tayari kwenye sufuria, limepondwa na maziwa, na Mzee Machuki alimla ndugu yake kwa sahani mbili huku akimsifu. Awino naye alitokea kutafuta wajukuu wake, akakaa. Marion aliosha hina, akavua kofia. Jua lilipogusa vilele vya miti, wote walikuwa ndani, wengine kwenye makochi na wengine kwenye mkeka, na Mokeira akaona chumba chake kimejaa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu matanga.

Machuki alisimama na kitabu cha nyimbo. "Kabla hatujaifungua Sabato," alisema, "kama kuna wageni kati yetu, wasimame tuwapokee."

Ni desturi, na kanisani husemwa kila Jumamosi. Kila Jumamosi tangu mwezi wa nane Marion alikuwa akisimama. Aliambiwa kwa upole kwamba mgeni husimama mara moja tu, naye akasema "sawa", na Jumamosi iliyofuata akasimama tena: naitwa Marion, natoka Nairobi. Kanisa lilizoea kumkaribisha. Mokeira aliketi pale ubavuni mwake wiki baada ya wiki akiitazama sketi yake tu.

Mizimu miwili ilisimama, neti mkononi, ikataja majina yake. Awino alisimama akasema yeye ni Mkatoliki lakini nyimbo anazijua. Osoro, ambaye jina lake limo katika orodha ya kanisa hilohilo tangu abatizwe, alisimama kwa aibu na mifupa yake. Machuki aliwaitikia wote, kisha akamgeukia Marion na kumngoja, kalamu na tabasamu vikiwa tayari. Mokeira alifumba macho kama aliyeanza kusali.

Hakusikia kochi wala mkeka wala joho likisogea. Alisikia Machuki akisema, "Na wewe, Marion?"

"Mimi nimeketi, mzee," Marion alisema. "Hawa ndio wageni wetu."

Mokeira hakungoja wimbo utajwe. Alianzisha wa kwanza uliomjia, ambao ulikuwa wa Krismasi, kwa sauti ya juu mno na iliyokatika mahali pawili. Moraa alikuwa hajapiga simu bado, lakini jibu lilikuwa limeshatolewa. Machuki alimtazama kwa mshangao, akatafuta ukurasa, kisha akaitikia, na wengine wote wakafuata.